Mtoto mwenye usonji nyumbani Kigoma: anzeni na daftari

Kama mtoto wako ana usonji (autism), yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti na wa wengine, kabla hujanunua dawa, kabla hujapanda gari kumfuata mtaalamu wa mbali, nunua daftari. La kurasa 40 linatosha. Kila ukurasa uchore mistari mitatu ya kushuka ili upate safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Andika siku saba mfululizo, siku ya soko ikiwemo, Ijumaa ikiwemo, na siku ya mvua kama msimu umefika. Katika siku hizo usibadilishe kitu chochote nyumbani. Unachotafuta ni picha ya maisha yalivyo, maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka hubakiza siku mbaya tu.

Usiandike "leo amekuwa mkorofi". Andika kilichoonwa na jicho: "amejiangusha chini, ameng'ata mkono wa kushoto, dakika sita." Usiandike "kalia bila sababu" pia. Kama sababu haikuonekana, taja waliokuwepo, sauti zilizosikika, alikula nini na lini. Kila anayekaa na mtoto aandike. Bibi asiyejua kusoma amsimulie mjukuu mkubwa naye aandike hapohapo, si jioni, kwa sababu hadi jioni habari imeshakuwa nyingine.

Baada ya wiki, kaeni watu wazima wote wa nyumba mlisome. Tuseme vilio vikubwa vilikuwa tisa, na sita kati ya hivyo vilianza kati ya saa 11 na saa 1 jioni. Safu ya pili inaonyesha moto umewashwa jikoni, watoto wamerudi kucheza, redio ya jirani iko juu, mvua inapiga bati. Huyo mtoto hahitaji kuchapwa. Anahitaji sehemu ya kukimbilia muda huo: pembe ya chumba cha ndani, godoro limesimamishwa ukutani kupunguza sauti, kanga nzito imetundikwa kama pazia, na mtoto anapelekwa pale saa 10 na nusu, kabla ghasia haijaanza. Ukimpeleka akiwa tayari analia, atajifunza kwamba pale ni mahali pa adhabu.

Safu ya nne, ile ya kilichofuata, ndiyo inayotuumbua sisi watu wazima. Mara nyingi utaona kelele imefuatwa na biskuti, au kazi aliyopewa imeondolewa. Kwa ujumla mtoto anafanya jambo kwa mojawapo ya sababu nne: anataka kitu, anakwepa kitu, anamtaka mtu, au mwili wenyewe unamsumbua. Kujipiga kichwa ili aondolewe kwenye kelele na kujipiga kichwa kwa sababu jino linauma vinafanana kwa macho, lakini dawa yake si moja. Na mtoto asiyesema hawezi kukuambia sikio linamuuma. Tabia ikibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, mpeleke kwanza zahanati. Apimwe malaria, atazamwe masikio na meno, uulizwe habari ya choo chake. Mengine yatangoja.

Usonji ni tofauti ya namna ubongo unavyokua, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo si jambo la ukoo wako peke yako. Mama hakuuleta kwa kuvunja mwiko, wala chanjo haikuuleta. Ile makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha habari ya chanjo ilifutwa na jarida lililoichapisha, mwaka 2010. Hakuna dawa inayouondoa usonji, iwe ya hospitali au ya mizizi. Zipo dawa za mambo yanayoandamana nao, hasa kifafa. Na kwa mtoto asiyeitikia jina, masikio ndiyo ya kwanza kupimwa: anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, na daftari lako uende nalo. Daktari mwenye dakika kumi za kukusikiliza atasoma kurasa zako saba haraka kuliko utakavyosimulia.

Sasa kazi yenyewe, tuanze na ratiba.

Mtoto mwenye usonji huumizwa sana na kutokujua kinachokuja, na maneno yetu hupita upesi kabla hajayashika. Kwa hiyo mwonyeshe kitu. Kikombe chake ni uji. Taulo, au kipande cha kanga cha kujifutia, ni kuoga. Kandambili ni kutoka nje. Sahani ya bati ni chakula. Kabla ya kila tendo mpe kitu hicho mkononi, taja neno moja tu, "kuoga", kisha nendeni naye akiwa bado amekishika. Kitu kimoja, tendo moja, kila siku, kila mtu. Mpango huu huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza, mtu kumpa kandambili halafu wasitoke kwa sababu mgeni amefika, na baada ya mara tatu za hivyo kandambili hazina maana tena. Ya pili, mama kutumia kikombe na shangazi kutumia kijiko kwa uji uleule.

Walio Ujiji na mitaa yenye msikiti karibu wana msaada wa bure ambao wengi hawautumii. Azana husikika kila siku na saa zake huhama kidogo tu mwaka mzima. Ya adhuhuri ifuatwe na chakula cha mchana, ya magharibi ifuatwe na kuoga, kula na kulala, kwa mpangilio uleule. Mtoto asiyejua saa ataujua mfuatano huo. Kama sauti ya kipaza inamtisha, awe ndani na mtu anayemzoea dakika tano kabla.

Akishafika mahali pa tendo mwenyewe kwa kuona kitu tu, mara 8 kati ya 10, unaweza kuhamia picha. Piga picha kwa simu, kitu kimoja kwa kila picha, juu ya kitambaa kisicho na maua. Ukikiweka kikombe juu ya kanga, mtoto anaweza kuangalia maua ya kanga na kikombe asikione kabisa. Chapisha stesheneri, kata sentimita 6 kwa 6, gundisha kwenye katoni, zungushia selotepu pana ili isilowe, toboa tundu, funga kwa kamba ya kiatu. Tengeneza nakala mbili, kwa kuwa ya kwanza itatafunwa.

Kumfundisha kuomba kwa kadi kunataka watu wazima wawili, na hapa ndipo wengi hukosea. Mmoja akae mbele ya mtoto na kitu anachokipenda kweli, tuseme ndizi iliyokatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole. Kadi ya ndizi iwe katikati. Wa pili akae nyuma ya mtoto, kimya. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata ndizi, wa nyuma aushike mkono ule kwa upole, auelekeze kwenye kadi, ausaidie kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele. Kadi ikifika tu, wa mbele aseme "ndizi" na atoe kipande palepale. Vipande 10 hadi 15 vinatosha kikao kimoja. Kila siku wa nyuma apunguze msaada: leo anashika kifundo, kesho anagusa kiwiko, keshokutwa anaacha. Kosa kubwa ni wa mbele kuuliza "unataka nini?" Ukiuliza kila mara, mtoto atajifunza kungoja swali, naye asipoulizwa ataona njaa na kukaa nayo. Kosa la pili ni kumnyima chakula ili aombe. Milo yake ale kama kawaida, mazoezi yafanyike kwa vitu vya ziada.

Wazazi wengi huku huambiwa waache Kiha, lugha ya kwetu, mtoto asije akachanganyikiwa. Hapana. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto mwenye usonji. Ongea naye kwa lugha unayoiongea vizuri, na kama bibi ni wa Kiha, bibi aongee Kiha. Kubalianeni tu kwamba kwa majuma ya kwanza kila kadi itakuwa na neno moja. Na baada ya kusema neno, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia. Sekunde hizo kumi ni ndefu ajabu, lakini ndizo anazozihitaji.

Jambo linalotutia hofu zaidi katika mji huu ni maji. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi huvutwa na maji, na kuzama ndicho kifo kinachowapata mara nyingi wanapotoroka. Hapa ziwa liko chini ya mteremko, mitaro hujaa wakati wa mvua, na nyumba nyingi zina pipa au kisima uani. Funika pipa kwa mfuniko unaofungwa kwa waya, ndoo ya lita 20 isiachwe na maji hata robo. Komeo la mlango liwekwe juu, mita moja na nusu hivi kutoka chini, upande wa ndani, watu wazima waweze kulifungua gizani bila ufunguo. Mtoto asifungiwe peke yake ndani na kufuli nje, na asifungwe kamba. Moto ukiwaka hana pa kutokea, na kamba huacha jeraha la ngozi na la moyo. Kengele ndogo ya baiskeli, au vifuniko vya soda vilivyotungwa kwenye waya, ifungwe mlangoni na kwenye geti. Inasikika hata ukiwa jikoni.

Kisha tembea njia zake. Toka na mtoto, mwache atangulie hatua tatu, uone miguu yake inaelekea wapi. Wengi wana njia moja au mbili tu wanazozipenda. Kwenye kila njia tafuta watu wawili wasiobanduka pale: mama lishe, fundi cherehani, vijana wa kijiwe cha boda, na kama uko upande wa Kibirizi, wale wanaoanika dagaa mwaloni. Nenda na mtoto wamwone uso, useme mambo machache: "Shikamoo mama. Huyu ni mwanangu, akiitwa haitiki. Ukimwona yuko peke yake mshike mkono, usimpigie kelele wala usimkimbize, unipigie namba hii." Namba iandikwe kwa wino usiofutika ndani ya ukosi wa shati, kwa sababu bangili nyingi huvuliwa na mtoto mwenyewe. Akipotea, mtu wa kwanza aende kwenye maji moja kwa moja. Waliobaki ndio wazunguke nyumba na majirani. Desturi yetu ni kuita jina mtaa mzima kwanza. Kwa mtoto asiyeitikia jina, dakika hizo zinapotea bure.

Chakula nacho kina daftari lake. Mtoto anayekula ugali mkavu na chai tu hafanyi jeuri. Harufu ya dagaa na mchuzi unaoteleza vinaweza kumchefua kweli. Usifiche unga wa dagaa kwenye uji anaouamini. Akiugundua, na hugundua, utakuwa umeupoteza uji pia. Chakula kipya kiwe kidogo kama punje ya haragwe, kwenye kisahani kando ya sahani yake, dakika tano, na asiambiwe "kula". Siku akikubali kikae pale bila kukisukuma, kihamie ukingoni mwa sahani yake. Halafu akiguse, akinuse, akilambe. Inaweza kuchukua milo 10 hadi 15 kwa chakula kimoja, na wengi tunakata tamaa kwenye wa tatu. Mawese mekundu yanafaa sana kwa mtoto wa hivi, kijiko kidogo juu ya ugali au wali aliouzoea, ila naye aanze kuyaona pembeni kwanza. Yana lishe inayogeuka vitamini A mwilini. Wanaoyachemsha mpaka yapauke wanaiunguza lishe hiyo. Chai isiandamane na chakula, maana inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mtoto anayekula udongo au mkaa apimwe wingi wa damu.

Choo ndicho kinachowachosha walezi kuliko kingine, na wengi huanzia mwisho. Anza na kujua kama amefunga choo. Mtoto anaweza kuwa amejaa kinyesi kigumu, huku cha majimaji kikipita pembeni na kuchafua nguo, nyumbani wakidhani anaharisha. Akipitisha siku tatu bila haja kubwa, au akilia anapokwenda, au ukiona damu, aende kituo cha afya kwanza. Mazoezi yaanze maumivu yakiisha.

Halafu siku nne mfululizo mkague kila nusu saa, uandike mkavu au ameloa. Saa zake zitajitokeza. Haja kubwa mara nyingi huja dakika 15 hadi 30 baada ya kula, na huo ndio wakati wa kumkalisha, dakika tatu hadi tano, si zaidi. Choo cha shimo kina giza, harufu, nzi, na tundu ambalo kwa mtoto mdogo ni kubwa kama kisima. Mwambie seremala akutengenezee kigoda chenye tundu: kimo chake kiwe sawa na kutoka unyayo hadi nyuma ya goti la mtoto, ili miguu ikanyage chini, na tundu lisizidi sentimita 15. Kingo zipigwe msasa vizuri, kwa kuwa kibanzi kimoja kwenye paja kitakurudisha nyuma mwezi mzima. Kigoda kikae kwanza uani juu ya ndoo, mtoto akikalie na nguo zake. Kisha bila nguo. Kisha kisogee mlangoni mwa choo, mchana, mlango wazi. Mwisho kiwe juu ya tundu lenyewe. Usiruke hatua kwa sababu jana alifaulu. Akipata haja mahali pake, mpe kipande cha ndizi ndani ya sekunde chache, si mkirudi ndani. Ya usiku itakuja baadaye kabisa, isikusumbue sasa.

Usingizi: huku Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo saa 1 jioni bado kuna mwanga, na mtoto anayelazwa kwa saa za redio atakataa. Pazia zito, simu izimwe saa nzima kabla, na saa ya kuamka iwe ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Degedege likimpata, mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha kitu. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, hospitali. Mtoto aliyeandikiwa dawa za kifafa asizikatishe ghafla hata akikaa mwaka bila kuanguka, mpaka daktari apange namna ya kuzipunguza.

Kuhusu shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wengine. Nenda kwa ofisa elimu, uulize shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu iliyo karibu, na ofisa ustawi wa jamii umwone wakati huohuo. Kadi zake aende nazo shuleni.

Limebaki la mlezi mwenyewe. Katika nyumba nyingi mzigo wote uko kwa mama, na nyuma ya mama yuko bibi mwenye magoti mabovu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao tisa vya kikundi na mlezi kutembelewa nyumbani mara tatu, na ndani yake hali ya mlezi ni somo kama yalivyo masomo mengine. Sisi tunaiona kuwa sahihi kabisa. Mama asiyelala hawezi kuhesabu hadi kumi akingoja jibu. Pangeni zamu na ziandikwe: baba kwa muda wa saa mbili kila jioni, na zamu yake iwe ya kazi maalumu, kuoga na kulaza, si ya "kumsaidia mama". Shangazi Jumamosi asubuhi. Ndugu wa mtoto wasigeuzwe yaya, ila dakika 15 za mchezo kwa siku kila mmoja anaziweza. Mama mwenye mtoto kama wako mtaa wa pili ni hazina. Badilishaneni Jumapili moja moja, wewe ukae na watoto wote wawili, wiki ijayo yeye.

Anayepokea zamu hushindwa kwa sababu hakuambiwa chochote. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa huyo: anachokula bila shida, sauti anayoiogopa, ishara tatu zinazotangulia kilio chake (kwa mmoja ni kuziba masikio, kwa mwingine ni kuzungukazunguka mlangoni), kinachomtuliza, saa za choo, njia anazotorokea na nani yuko njiani. Chini kabisa namba mbili za simu. Uandike kwa wino na uweke tarehe juu, kwa sababu baada ya miezi mitatu nusu ya ukurasa huo itakuwa imebadilika na utapaswa kuuandika upya.